Uzoefu wangu: kugawana nyumba ya pamoja kupitia mahakama (nyota 4 kati ya 5)

Nimemaliza kesi ya mgawanyo wa mali na ndugu zangu na nimeona niandike ilivokuwa, manake mi nilivotafuta mtu aliyepitia nikakuta matangazo ya mawakili tu. Kwa kifupi inafanya kazi, gharama ipo tena kubwa, na kilichotusaidia zaidi sio hukumu, ni hesabu.

Nyumba ni moja, kwenye hati majina matatu, mimi, kaka na dada. Kaka anaishi upande wa mbele, nyuma kuna wapangaji na kodi ya pango anapokea yeye, dada anataka iuzwe kila mtu ashike chake, mi nilitaka ibaki. Tulikaa vikao mpaka tukachoka, kila kikao kinaishia kwenye nani alimuuguza mzee na nani alikuwa mbali, hesabu hakuna anayeigusa.

Wakili kitu cha kwanza alichotaka ni hati, hadithi alisema atasikiliza baadae. Kumbe kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifariki sehemu yake inaenda kwa waliobaki, na kuna ule wa hisa, kila mtu na fungu lake anaweza kuliuza au kuwaachia watoto wake. Wetu ulikuwa wa hisa sawa. Kwenye huu wa hisa, kama jina mojawapo kwenye hati ni la marehemu lazima mirathi imalizike kwanza, na kama kuna mkopo wa benki juu ya nyumba basi benki nayo inaingia, hilo usilifiche hata kidogo.

Dada alikuwa anaogopa kwamba kaka akikataa basi imekwisha. Sio hivo. Kanuni ya zamani ni kwamba mmiliki mwenza halazimishwi kubaki kwenye umiliki wa pamoja milele, Wafaransa waliiandika hivo kwenye sheria yao ya kiraia ya mwaka 1804, kifungu cha 815. Swali linakuwa mnagawana vipi tu. Kaka yeye alitaka ikatwe, ukuta katikati, yamalizike. Wakili akatusimulia kesi ya Uingereza ya mwaka 1803, Turner na Morgan, nyumba iligawanywa kweli, mmoja akapewa mabomba yote ya moshi, sehemu zote za moto na ngazi pekee iliyokuwepo, mwenzake akaenda kulalamika na jaji Lord Eldon akasema haoni namna bora ya kuigawa! Ilibidi wasubiri hadi 1868 ndo mahakama za kule zikapewa nguvu ya kuamuru nyumba iuzwe pesa zigawanywe. Sisi nyumba yetu ina mlango mmoja wa kuingilia na choo kimoja, kaka mwenyewe akaacha kuzungumzia ukuta. Shamba au kiwanja kikubwa ni tofauti, pale mpima ardhi anakata, na aliyepata kipande chenye thamani zaidi anamfidia mwenzake kwa pesa.

Sasa hesabu. Hapa ndo nasema pesa ya wakili ilienda kihalali kabisa. Kila mtu aliambiwa alete risiti, na maneno bila karatasi hayakuwekwa popote. Kaka alikuwa amebadilisha paa na kulipa kodi ya jengo miaka yote, hivyo vikagawanywa kwa hisa, kwamba na sisi tunadaiwa. Vigae alivoweka sebuleni havikuhesabiwa kwa pesa aliyotumia, walitizama vimeongeza thamani ya nyumba kiasi gani, na ilikuwa ndogo. Kodi za wapangaji zote zikarudi mezani kugawanywa. Dada alidai pia kaka alipie kwa kuishi bure, wakili akamwambia sehemu nyingi dai hilo halisimami kirahisi kama aliyekuwemo ndani hakuwafungia wenzake mlango, na kaka hakutufungia. Wakakata huku na huku, tofauti iliyobaki ikawa ndogo kuliko kelele zote tulizopigiana. Kaka akasema, "kwa hiyo lile paa mmeliona," na kuanzia hapo tukaanza kuongea kama watu wa tumbo moja.

Mthamini wa kujitegemea akaweka bei, kaka akapewa muda maalum wa kununua, akachukua mkopo akanunua fungu la dada, makubaliano yakapelekwa mahakamani yakawa amri. Mnada hatukufika na nashukuru sana, nyumba ya mnadani mara nyingi inauzwa chini ya bei ya soko na gharama zinatolewa kabla hamjashika chochote. Ikibidi kuuza, ombeni iuzwe soko la wazi na iwekwe bei ya chini isiyovukwa.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya ofisi ya wakili wenyewe. Malipo ya mthamini na ya usajili hayakuwemo kwenye bei tuliyopewa mwanzo, na karani alikuwa hapokei simu mpaka uende. Kazi yenyewe ilifanyika vizuri, ila mtu akiwa anagombana na ndugu zake halafu simu haipokelewi, inaumiza.

Hati mpya ina majina mawili, kaka theluthi mbili na mimi theluthi moja. Safari hii tumeandikiana mkataba, nani anakusanya pango, nani analipa nini, na anayetaka kutoka lazima ampe mwenzake nafasi ya kwanza kununua kwa bei ya mthamini. Mkataba huo nao ulilipiwa pembeni, kwa hiyo ukienda ulizia mapema kama umo kwenye bei.