Klotrimazoli au terbinafini: krimu ipi kwa fangasi gani?

Kwa choa cha mwilini na fangasi wa vidole vya miguu, terbinafini ya asilimia 1 ndiyo ya kufikiria kwanza: huwaua fangasi hao, ilhali klotrimazoli zaidi huwazuia wasikue. Ndiyo maana terbinafini hupakwa mara 1 au 2 kwa siku, wiki 1 hadi 2 tu. Klotrimazoli mara 2 au 3 kwa siku, wiki 2 hadi 4. Na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Muwasho ukiisha siku ya tano, tyubu inatupwa kabatini, na choa kinarudi palepale. Klotrimazoli iendelee wiki 2 baada ya ngozi kusafika.

Kwenye kandida, fangasi wa jamii ya hamira anayeleta ule wekundu wenye unyevu chini ya matiti au kinenani, klotrimazoli inashinda waziwazi.

Yoyote utakayochagua, osha, kausha (hasa katikati ya vidole), kisha paka safu nyembamba hadi sentimita 2 nje ya ukingo wa doa. Krimu iliyochanganywa na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi) usijianzishie: hufuta wekundu huku fangasi wakisambaa. Punye za kichwani huhitaji dawa ya kumeza. Krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele.