Mkanda wa kiuno niliouziwa katika jimu moja Kisumu, na mkono uliozifunga kulabu bila kuniuliza

Nilingoja hasira ipungue kabla ya kuandika haya, na kwa kuwa imekataa kupungua, naandika nayo hivyo hivyo. Jambo lenyewe ni mkanda wa kubana kiuno, ule wa mpira wenye kulabu mbele na vijiti vya chuma mgongoni na ubavuni, ambao niliuziwa na mkufunzi wa jimu moja hapa mjini Kisumu ili niuvae nikifanya mazoezi. Jina la jimu silitaji.

Nianze na la haki. Kama kitu kilichoshonwa, mkanda ule si mbaya. Mimi ni fundi cherehani na riziki yangu imo katika viuno vya watu, kwa hiyo niliutazama mshono kabla ya kuuliza bei. Nyuzi zimepigwa mara mbili, kulabu zimekaa katika safu tatu zilizonyooka, na upande wa ndani umewekwa kitambaa cha pamba, jambo linalomfaa mtu ambaye ngozi yake haivumilii mpira. Ukiuvaa chini ya gauni la harusi, gauni linakaa linavyotakiwa kukaa. Lau ningeuziwa kwa ajili ya harusi, leo ningekuwa nausifu.

Lakini sikwenda jimu kutafuta umbo la harusi. Nilikwenda kwa sababu muuguzi alinipima shinikizo la damu, akanizungushia utepe kiunoni, kisha akanieleza kwamba kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 88, hatari ya kupata kisukari na maradhi ya moyo huwa imepanda sana. Changu kilikuwa kimezidi. Nilimweleza mkufunzi habari hizo zote siku ya kujiandikisha. Yeye ni kijana aliyejengeka mwili, mwenye ulimi ambao ungemuuzia mvuvi wa Dunga maji ya ziwa, na jibu lake lilikuwa kutoa mkanda kabatini. Alisema unayeyusha mafuta ya tumbo, na kwamba nisiuvue tangu nianze kukimbia hadi nimalize vyuma. Nikalipa kwa M-Pesa. Sikupewa hata kikaratasi cha maelezo.

Siku iliyonifanya niandike ilikuwa na lile joto letu la kabla ya mvua, ambalo shati humganda mtu mgongoni hata akiwa ameketi. Nilikuwa nimekwisha kukimbia kwenye mashine, tukapelekwa kwenye zoezi la kuchuchumaa na kusimama huku umebeba chuma mabegani. Kila nilipochuchumaa, vijiti vilinichoma chini ya mbavu kwa juu na kwenye mikunjo ya mapaja kwa chini, na pumzi iliishia kifuani bila kufika inakotakiwa kufika. Kizunguzungu kiliponianza nilikirudisha chuma mahali pake, nikashika ukuta, nikafungua kulabu za juu ili nipate hewa. Mkufunzi akavuka ukumbi mzima, hakuniuliza neno, akaushika mkanda kwa mikono miwili, akauvuta na kuzifunga kulabu zote tena, safari hii katika safu ya ndani zaidi, huku akisema kwa sauti iliyofika hadi mapokezi: “Mama, tumbo haliondoki kwa kubembelezwa. Mbona wenzako wanavumilia?”

Watu wakacheka. Nikamwambia, “Kijana, ondoa mikono yako.” Akaniambia nisikasirike, hiyo ni kazi tu.

Kazi? Mimi pia kazi yangu ni miili ya watu. Kutwa nzima nazungusha utepe vifuani, kiunoni na nyongani mwa wateja, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumgusa kabla ya kusema “naomba nikupime, dada” au “samahani, mama, inua mkono kidogo.” Hata mtoto aliyeletwa kushonewa sare ya shule namwomba ruhusa mama yake kwanza. Kijana huyu ana cheti kilichotundikwa ukutani, na bado hajui jambo ambalo mwanafunzi wangu wa cherehani hulijua kabla hajaruhusiwa kushika mkasi.

Tena hata hicho alichokifunga kwa nguvu hakijui. Mtu hupumua kwa msuli wa kiwambo, ulio kati ya kifua na tumbo. Anapovuta hewa, kiwambo hushuka na kuyasukuma matumbo chini na mbele, na ndiyo sababu tumbo huinuka. Ukilifunga tumbo, kiwambo hakina pa kushukia, hivyo mtu hubaki kuvuta pumzi fupi za juu juu wakati ule ule ambapo moyo na misuli inadai hewa nyingi. Jozi mbili za mwisho za mbavu, ya 11 na ya 12, hazikushikana kwa mbele na mfupa wa kidari, na hapo ndipo vijiti vya chuma hukandamizia. Tumbo la chakula nalo likibanwa husukuma asidi juu, na mwenye kiungulia huijua shida hiyo bila kuelezwa. Ongeza joto la Kisumu: jasho huupoza mwili linapokauka juu ya ngozi, na chini ya mpira halikauki. Nilipoyataja baadhi ya hayo, alipiga kofi mkanda wake mwenyewe akasema, “Hata mimi navaa, mama.” Alivaa mkanda wa ngozi wa wanyanyua vyuma! Huo una upana wa sentimita 10 hivi, hukazwa kwa ajili ya mnyanyuo mzito ili mtu ajaze pumzi na kulisukuma tumbo dhidi yake, kisha hulegezwa anapopumzika. Hauanzi mbavuni na kuishia nyongani, wala hakuna anayekimbia nao kwenye mashine.

Najua wapo watakaonikumbusha kwamba sisi wanawake hufungwa leso tumboni baada ya kujifungua. Ni kweli, hata mimi nilifungwa. Lakini nilifungwa nikiwa nimelala nikinyweshwa uji, sikuwa nimebeba chuma mabegani.

Linaloniudhi karibu sawa na ule mkono ni vipimo vyake. Nilipojiunga alinipima kwenye kitovu, nikiwa nimetoka kula chakula cha mchana. Baada ya kuninunuza mkanda, akawa ananipima dakika ile ile ninapouvua, mwili bado una alama za vijiti, utepe ameupandisha juu ya kitovu penye wembamba, na akiniambia nibane pumzi. Akatangaza kwamba inchi 3 zimekwenda, akataka na picha ya kuonyesha wateja. Kumdanganya fundi cherehani kwa utepe ni ujasiri wa aina yake. Jioni hiyo nilijipima kwa utepe wangu wa kazi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida, kama kiuno kinavyotakiwa kupimwa kwa ajili ya afya. Inchi zote zilikuwa zimerudi nyumbani kabla yangu. Mizani nayo haikuwa tofauti: lita moja ya jasho ni kilo moja, nayo hurudi unapokunywa maji, kwa kuwa mafuta hayatoki na jasho wala hayachagui kuondoka pale ulipofungwa. Mtu aliyekwenda pale kwa ajili ya umbo amepoteza pesa tu. Mimi niliyetumwa na muuguzi ningeweza kuamini kwamba nimepona hatari ambayo bado ninayo.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba mkanda huu unaweza kuvaliwa kwa uangalifu. Ufungwe katika safu ya nje kabisa, vidole viwili vipite bila kusukumwa, uvaliwe kwa matembezi mepesi na kwa muda mfupi, usivaliwe mtu akiwa ameshiba, ana mimba, ana kiungulia au ametoka kufanyiwa upasuaji, na uvuliwe mara moja kikija kizunguzungu, maumivu au ganzi. Maneno hayo yangetosha kwenye kikaratasi kidogo ndani ya boksi. Ila kadiri ninavyoyaandika ndivyo ninavyojiona nikimtetea mtu asiyestahili. Mkanda unaofaa kuvaliwa pale tu usipokimbia, usipoinama na usipobeba kitu, umeuzwa kwa ajili ya jimu kwa hoja gani? Nafuta uamuzi wangu wa kwanza: katika mazoezi usivaliwe kabisa.

Niliurudisha. Meneja, kwa upole wote, alinionyesha karatasi iliyobandikwa juu ya meza: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo yanayohitajika ili kitu kimfae, na haki ya kulindiwa afya na usalama wake, na kwamba karatasi ya kubandika haiwezi kuishinda Katiba. Akatabasamu. “Madam, sasa mkanda umefika mpaka kwenye Katiba?” Kuhusu mkono wa mkufunzi wake hakusema lolote, ila kwamba kijana yule “ana bidii sana.” Pesa sijarudishiwa.

Kwa hali hiyo ilinipasa niipe jimu hii sifuri. Kizuizi ni dada mmoja anayesimamia zamu ya asubuhi, ambaye siku ya kwanza aliyoniona na mkanda aliniomba kwa sauti ya chini niuvue, akanifundisha kupumua hadi chini wakati wa kuchuchumaa, na kujishikilia sakafuni kwa viwiko na vidole vya miguu mpaka misuli ya tumbo yenyewe ikaze. Kabla ya kuusahihisha mgongo wangu kwa kiganja chake alisema, “Samahani, mama, nikuguse hapa?” Ada yangu inaisha mwishoni mwa mwezi, na nikiilipa tena itakuwa kwa zamu yake tu. Nyota moja niliyoiweka ni yake. Siku atakapohama, nitaiondoa.