Miezi mitatu na mafuta ya tea tree kwa chunusi za kidevuni

Kwanza, ingawa "tea tree" kwa Kiingereza ni "mti wa chai", mafuta haya hayahusiani na majani ya chai. Mimi nilipoyasikia saluni nilidhani yanatoka Tukuyu! Mti wenyewe ni Melaleuca alternifolia, kwao ni Australia, kaskazini mwa New South Wales kwenye ardhi ya majimaji. Wenyeji wa huko, Wabundjalung, walikuwa wakiponda majani yake na kuyabandika kwenye vidonda zamani sana, kabla mkemia Arthur Penfold wa Sydney hajayapima mafuta yake miaka ya 1920.

Kichupa cha kwanza nilinunua kwa machinga. Plastiki nyeupe, harufu ya tina ya rangi. Nikapaka usiku bila kuchanganya na kitu. Asubuhi kidevu kinawaka moto, na siku ya pili ngozi ikaanza kubanduka.

Cha pili nilichukua duka la dawa: mililita 10, kioo cha kahawia, shilingi 18,000. Lebo ina jina la kisayansi, na inasema terpineni-4-oli, ambayo ndiyo hasa inayoua bakteria, ni 38%. Kiwango cha kimataifa kinataka isipungue 35. Harufu yake ni kama mkaratusi uliotiwa kungumanga. Mume wangu hajaizoea mpaka leo.

Natia matone matano kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti (ya nazi yaliniziba vinyweleo), nachovya kijiti cha pamba, nagusa chunusi tu. Wiki tatu za mwanzo sikuona kitu, nikakaribia kukata tamaa. Kufika wiki ya sita zile kubwa zenye usaha zilikuwa zimepungua sana. Madoa yalibaki vilevile. Kuna utafiti wa Australia wa mwaka 1990, wagonjwa 124, uliolinganisha mafuta haya ya 5% na benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi: yote yalisaidia, haya yakawa ya polepole lakini hayakuwasha sana. Ndivyo nilivyoona.

Ukucha wa mguu wenye fangasi nimeupaka miezi miwili, uko vilevile.

Dada mmoja alinishauri nitie tone kwenye chai nikiwa na mafua. Jamani, msithubutu! Yakimezwa ni sumu, na watoto wasiyafikie. Kichupa nakifunga vizuri na kukiweka kabatini, maana yakipigwa na mwanga na hewa huharibika, yakaanza kuwasha ngozi. Kimebaki nusu. Kikiisha nitanunua kingine, cha chunusi tu.