Maji ya kunywa milimani Uganda: pesa zako zianzie wapi

Maji ya Mto Bujuku, kwenye milima ya Rwenzori, yanatiririka juu ya mawe, yanametameta, na ukiyateka yanauma vidole kwa baridi. Hayo yote hayakuambii kama yanafaa kunywewa. Rwenzori, juu ya kambi yako kuna kambi nyingine, na kambi nayo ina choo chake. Elgon nako ng'ombe huchungwa kwenye miteremko ileile wanayopita wapanda mlima. Lazima uyatibu, na duka lolote lenye vifaa vya safari litakuuzia chochote, basi afadhali uingie ukijua unachotaka.

Kumbuka jambo moja tu, maana ndilo lililopanga orodha hii: vichujio vidogo vya mkononi huzuia bakteria na vijidudu vya kuhara kama giadia na kripto, lakini virusi ni vidogo mno, vinapenya. Klorini inaua bakteria na virusi, ila kripto ana ganda gumu na haimtishi.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa jozi: chujio la kubana pamoja na vidonge vya klorini. Chujio la aina ya Sawyer lina matundu ya maikroni 0.1 na halifiki hata gramu 100. Unajaza maji kwenye mfuko wake au kwenye chupa, unafunga chujio mdomoni, unakamua. Halafu unatia kidonge kwenye maji yaliyochujwa. Kabla hujalipa, omba ulijaribu kwenye chupa utakayobeba. Chupa za soda kwa kawaida hukubali, lakini chupa nyepesi za maji zenye shingo fupi huzunguka nusu kisha zikavuja, na maji machafu yanachuruzika kando hadi yanaingia kwenye yale safi. Hakikisha pia bomba la sindano la kusafishia limo ndani ya boksi. Maji ya kinamasi cha Bigo ni ya kahawia kama chai ya rangi, na bila kulisukuma maji safi kinyumenyume kila jioni, chujio litaziba ukiwa bado njiani.

Likishalowa, lisigande. Barafu inapasua vile vinyuzi vya ndani na huwezi kuona kwa macho kwamba vimepasuka. Kambi ya Elena, huko Rwenzori, iko zaidi ya mita 4,500 na usiku wake si wa mchezo, kwa hiyo lala nalo ndani ya begi la kulalia. Likiganda, lihesabu limekufa.

Nafasi ya pili ni vidonge peke yake. Aquasafe na WaterGuard havina shida kupatikana kwenye maduka ya dawa, na kwa mwenye mfuko mwembamba vinatosha kwa matembezi mafupi. Tatizo lake ni kipimo. Kidonge cha kawaida cha madukani kimetengenezwa kwa jerikeni la lita 20, si kwa chupa yako ya lita moja, na kukikata kwa kisu vipande ishirini ni kujidanganya. Mkiwa kundi, jazeni jerikeni kambini na mtie kidonge kimoja. Ukiwa peke yako, tafuta vile vidogo vya miligramu 8.5, kimoja kwa lita moja. Soma tarehe ya mwisho na usichukue pakiti iliyotoboka, maana unyevu huvimaliza nguvu.

Dakika 30 zilizoandikwa kwenye pakiti ni za maji maangavu yasiyo baridi sana. Maji ya mlimani yape saa nzima. Yakiwa ya kahawia, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu uchafu wa majani unaimeza klorini kabla haijafanya kazi. Muda ukiisha, nusa: kama hakuna kabisa harufu ya dawa, ongeza kidonge na usubiri tena.

Kuchemsha ndiko kunakoua vyote vitatu, na bado nakuweka ya tatu kwa sababu ya mafuta na uzito wa jiko. Kwenye kambi ya Bujuku, karibu mita 4,000, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 87 tu, lakini zinatosha: yaache yatokote dakika tatu. Mitungi midogo ya gesi usitegemee kuikuta Kasese wala Mbale. Ila ukipanda na kampuni yenye mpishi, kuchemsha kunaruka hadi nafasi ya kwanza. Muulize mpishi waziwazi kama maji ya kujaza chupa zenu nayo yamechemshwa, au ni ya chai peke yake.

Kalamu inayoua vijidudu kwa mwanga wa UV inapendeza sana dukani, sekunde 90 lita imekwisha. Inataka maji maangavu na betri zenye afya, na Rwenzori haikuahidi chochote kati ya hivyo.

Mrija wa kunyonyea wenye chujio ndani nauweka mwisho. Unakulazimisha uiname mtoni kila ukishikwa na kiu, hauwezi kukupa maji ya kupikia, na virusi unaviacha. Chungu cha kuchujia maji cha Purifaaya kinachotengenezwa hapahapa Uganda ni kizuri, kiache nyumbani. Chupa ya kuanika juani kwa muda wa saa sita ili jua liue vijidudu ifikirie ukiwa Karamoja, si kwenye ukungu wa Rwenzori.

Wanaopanda Rwenzori kwa njia ya Kilembe wana jambo la ziada. Mabaki ya mgodi wa shaba yamerundikana kando ya Mto Nyamwamba, na madini kama shaba na kobalti hayaondolewi na chujio hili, wala kidonge, wala moto. Siku ya kushuka, jaza chupa zako zote ukiwa bado ndani ya hifadhi, juu ya mgodi, na ukishafika chini nunua ya dukani.