Mfumo wa kuelekeza maegesho kwa vihisi: kazi ya mkandarasi wetu

Jengo ninalolisimamia katikati ya Dar es Salaam lina ghorofa mbili za maegesho chini ya ardhi, zenye nafasi zisizofika 200, na kwa miaka mingi wapangaji walilalamikia magari yanayozunguka na kuzibana njia ilhali nafasi zipo, ila zimejificha nyuma ya nguzo. Mwaka jana tulimpa mkandarasi wa hapa mjini, ambaye sitamtaja, kazi ya kupanga na kufunga mfumo wa kuelekeza madereva. Ninawaandikia mameneja wenzangu wanaofikiria kununua huduma ya aina hii.

Kilichotufaa zaidi ni upangaji uliotangulia, kwa sababu vihisi vyenyewe, yaani vifaa vinavyotambua kama nafasi ina gari au la, siku hizi hupatikana kwa urahisi. Kabla tundu lolote halijatobolewa, mpimaji wao alikaa chini ya mteremko wa kuingilia asubuhi nzima, akiandika kila dereva amekata kona upande gani na amesita wapi. Kutokana na hilo alishauri kwamba ubao unaoonyesha idadi ya nafasi zilizobaki utundikwe pale dereva anapolazimika kuchagua, akiwa bado hajapita, na si getini peke yake kama tulivyokuwa tumependekeza sisi. Aidha, alikataa katakata nafasi za wakurugenzi zihesabiwe kwenye ubao. Ubao ukisema zimebaki nafasi 12, na dereva akafika akakuta 10 kati yake zina vibao vya majina ya watu, kesho hatausadiki tena hata ukisema kweli. Nafasi hizo zikapewa taa za rangi ya pekee, na za watu wenye ulemavu zikawekewa taa za buluu.

Kihisi chenyewe hufungwa darini juu ya kila nafasi na hutoa mlio wa takriban hezi 40,000, ambao sikio la binadamu haliusikii, kisha hupima muda ambao mwangwi unachukua kurudi. Kwetu dari iko mita 2.4 kutoka sakafuni, kwa hiyo nafasi ikiwa tupu mwangwi hurudi baada ya milisekunde 14 hivi. Ikisimama Toyota IST, hurudi baada ya 5 tu, na taa ya kijani hugeuka nyekundu. Kamera, kama tungezitumia badala ya vihisi, zingeweza pia kusoma namba za magari na kumkumbusha mteja alipoegesha, lakini bei yake ilikuwa juu mno, na tusingependa kuanza kuhifadhi namba za wateja na kubeba wajibu unaotokana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ufungaji haukuniridhisha kwa kiwango hicho. Baadhi ya vihisi viliwekwa karibu mno na mabomba ya maji ya zimamoto, vikawa vinapokea mwangwi wa bomba na kuonyesha nyekundu mahali pasipo na gari, mpaka viliposhushwa. Pikipiki inayoegeshwa pembeni mwa nafasi hadi leo haionekani, na taa hubaki ya kijani. Mlinzi ndiye anayeifukuza. Kero kubwa zaidi ilikuwa kwenye ghorofa ya chini, ambako taa za mwisho wa mstari mmoja zilikuwa zikicheza, mara nyekundu, mara kijani. Vihisi hivyo huunganishwa mmoja baada ya mwingine kwenye waya mmoja wa mawasiliano, na mwisho wa waya hutakiwa kuwekwa rezista (kijikifaa cha kuzuia umeme) ya omu 120 ili mawimbi ya mawasiliano yasirudi nyuma. Haikuwepo. Kifaa kidogo kuliko punje ya mchele kilitugharimu simu zisizohesabika kabla fundi hajafika, na alipofika alimaliza kazi kabla chai yake haijapoa.

Umeme ukikatika na jenereta kuchukua nafasi, mfumo mzima huanza upya, na kwa dakika kadhaa mbao zote husema pamejaa. Betri ya kuushikilia mtambo mkuu haikuwamo kwenye nukuu ya bei. Idai iandikwe, pamoja na vihisi vya akiba na muda ambao fundi anapaswa kufika akiitwa.

Sasa wanatushawishi tuendelee hadi uwanja wa nje, kwa vihisi vya sumaku vinavyozikwa kwenye lami na kutumia betri. Hapo nimesita. San Francisco ilivitumia vihisi vya barabarani katika mradi wake wa maegesho wa SFpark kuanzia mwaka 2011, ikasumbuliwa na betri, ikavizima mwishoni mwa 2013, na tangu hapo imekadiria matumizi ya nafasi kwa kutazama malipo ya mita za maegesho. Kwa uwanja wetu tumeomba koili ya waya chini ya lami, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, ihesabu magari, basi.