Kifyatulio cha Mitambo au cha Umeme?

Kampuni ya Morini ya Uswisi hutengeneza bastola ya upepo ya kulenga shabaha iliyo umbali wa mita 10 kwa namna mbili, CM 162MI yenye kifyatulio cha mitambo na CM 162EI yenye kifyatulio cha umeme, hivyo mlengaji anayezilinganisha hupima kifyatulio hasa.

Katika ile ya mitambo, kidole husukuma vyuma vinavyoshikana kwa ncha nyembamba hadi viachane, na uchafu au uchakavu hapo huhisiwa kama mkwaruzo mdogo. Katika ile ya umeme, kidole hufunga saketi tu. Mfyatuko huwa uleule tangu risasi ya kwanza hadi ya 60, jambo lenye uzito pale ambapo duara la alama 10 kwenye shabaha lina kipenyo cha milimita 11.5. Hata hivyo umeme hutegemea betri, na mashindano ya dakika 75 si mahali pa kugundua kwamba imeisha.

Kanuni za mashindano hazibagui aina hizo mbili: kifyatulio kisifyatuke kwa uzani ulio chini ya gramu 500. Kipimo chake ni rahisi: bastola iliyokokiwa huelekezwa juu wima, uzani wa gramu 500 huning'inizwa kwenye kifyatulio, kisha huinuliwa taratibu kutoka mezani. Mimi huweka gramu kadhaa za ziada, kwani skrubu hulegea safarini.

Kwa klabu iliyo mbali na fundi wa elektroniki ningenunua ya mitambo; kwa mlengaji anayefanya mazoezi kila siku, ya umeme.