Europa Universalis V: Kilwa ya mwaka 1337 mikononi mwa mchezaji

Mchezo huu wa kompyuta, uliotengenezwa na studio ya Paradox Tinto na kutolewa Novemba 2025, unaanzia mwaka 1337 na kumwachia mchezaji achague dola aitakayo, ikiwamo Kilwa, miaka sita tu baada ya msafiri Ibn Battuta kuizuru. Kwetu Unguja, ambako msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107, jambo hilo si dogo hata kidogo.

Wachezaji wengi wameusifu kwa kina chake, na wengine wamelalamika kuwa ni mgumu kwa anayeanza. Mimi nipo pamoja na waliousifu. Watu wa kila mji huhesabiwa kwa tabaka, dini na utamaduni wao, na nguvu za mtawala hupungua kadiri mji ulivyo mbali na makao makuu, isipokuwa pale bahari inapoifupisha njia, hivyo mtawala wa Kilwa asiyejali vyombo vyake huiona pwani ikimponyoka.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Malindi alikaa nami jioni tatu mfululizo. Jioni ya kwanza alizama katika majedwali ya kodi na bei, ya pili tukaiachia kompyuta iendeshe biashara yenyewe, ruhusa ambayo mchezo unaitoa, ya tatu akasema, "Kaka, kumbe bahari ndiyo njia kuu." Kiswahili hakimo, nami nilimfasiria kila dirisha, neno kwa neno.